Bwana Yuko Njiani

Odero alifika Kitengela Jumamosi saa saba mchana akiwa na begi moja na neno moja, na neno lenyewe lilimkaa kooni mpaka alipomaliza ugali. Alisifu omena. Alisifu sukuma wiki. Alimwuliza Sheryl yuko kidato cha ngapi, ingawa alijua. Adero, mke wa kaka yake, alimwacha azunguke kwanza. Mtu hatoki Siaya akasafiri usiku kucha kuja kusifu omena.

"Shemeji," Odero alisema mwishowe, akikausha mikono kwa leso, "nimetumwa shati."

"Shati gani?"

"Ya Nashon. Moja tu. Hata kama imechanika."

Adero alijua. Mjaluo yeyote angejua. Mtu akipotelea mbali na mwili wake usipatikane, jamaa zake huchimba kaburi kama kawaida, wakachuma tunda la mti wa yago, lile refu lenye uzito wa mtoto mchanga, wakalifunga kwa nguo ya aliyepotea na kulizika. Kuanzia hapo aliyepotea amekufa, mke wake ni mjane, na watu wanaruhusiwa kuendelea na mambo yao.

"Bwana yangu hajakufa," Adero alisema.

"Shemeji, hii ni miaka minne."

"Hata iwe arobaini. Mimi niliambiwa ningoje, na aliyeniambia si binadamu."

Sheryl, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa akiosha vyombo kwenye beseni karibu na mlango. Aliacha sufuria ikazama. "Mum, kila mtu anajua," alisema polepole. "Ni wewe tu."

"Wewe osha vyombo."

Habari yenyewe ni fupi. Nashon alikuwa dereva wa kiwanda kimoja huko Athi River. Walipopunguza wafanyakazi alipunguzwa naye, na Januari ya mwaka 2000 akaenda Lokichoggio kuendesha lori za chakula cha msaada, zile zinazovuka mpaka kuingia Sudan. Aliandika barua mbili. Mwezi wa saba lori lake likaenda lisirudi, wala watu watatu waliokuwemo. Tajiri wake akaandika barua ya pole, na Adero akaisoma mara moja tu, akaikunja.

Halafu Septemba ya mwaka huohuo tenti ya injili ikapigwa Kitengela, kwenye uwanja nyuma ya soko. Mhubiri alikuwa Evangelist Maweu, Mkamba mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Adero alikuwa amesimama mwisho kabisa, analia kimyakimya asionekane. Maweu alikatiza mahubiri, akanyoosha kidole juu ya vichwa vya watu mia tatu. "Dada mwenye kitambaa cha buluu! Mngoje Bwana. Yuko njiani, hatachelewa!" Watu wakasema amina. Adero alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, maana hakuwa amemwambia mtu yule habari ya bwana yake hata nukta.

Basi akangoja. Jamani, mwanamke huyo alingoja! Alikataa kuhama ile nyumba ya chumba kimoja nyuma ya bucha, isiyo na maji, eti Nashon akirudi atapata watu wengine mlangoni. Kule kiwandani EPZ, alikokuwa akishona zipu za jeans, wenzake walikuwa na mchezo wao. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Adero, bwana amefika?" Na mwingine akajibu kwa niaba yake, "Bado yuko njiani." "Ai! Kwani alipitia Kampala?" Adero alicheka pamoja nao kwa sababu ukikataa kucheka ndiyo wanaongeza. Kisha aliomba ruhusa ya kwenda choo, akakaa huko mpaka supavaiza akagonga.

Kanisani nako alikuwa peke yake. Wanawake wenye waume walikuwa na kikundi chao, wajane walikuwa na chao. Adero alijaribu vyote viwili. Kwa wenye waume waliongea juu ya kupika na kusamehe, na wote wakawa wanamtazama kwa huruma. Kwa wajane aliambiwa kwa adabu kwamba labda bado hajafika. Akaanza kukaa benchi la nyuma, na upweke ukamla pole pole hadi akauzoea.

"Sikiza, shemeji," Odero alisema. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si mtu wa makelele. "Mimi sikupangii imani yako. Lakini wewe ni Mjaluo, sheria unajua. Nashon ni mkubwa wangu. Kama hajajenga boma lake, mimi siwezi kutoka nikajenga langu. Na huyo hajajenga, na hajafa. Mimi niko na bibi, niko na watoto watatu, na mpaka leo nalala simba. Simba, shemeji! Kibanda cha vijana. Mwanafunzi wangu wa darasa la nane alinikuta nikitoka humo na mswaki."

Adero aliinamisha kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Na mama?" aliuliza.

"Mama ndiye anatushinda. Wazee walikuwa tayari tangu mwaka juzi. Lakini kila nikimgusia anakutaja wewe, binti wa Gem, anasema, 'Nyar Gem akingoja, na mimi nangoja. Hakuna kuzika kitu hapa bila yeye.' Sasa macho yamekwisha, anaongozwa kwa mkono. Nimempigia magoti, ndiyo akakubali nije." Alishusha pumzi. "Kesho saa kumi na moja jioni ataletwa sokoni, dukani kwa Ondiek, kuna simu. Utaongea naye mwenyewe. Ukisema zikeni, tunazika. Ukisema ngojeni, basi, tutangoja. Nitazeeka simba."

Adero alisimama. Uso wake ulikuwa umepata nguvu, na kusema kweli alikuwa na kiburi kidogo.

"Sitasema mimi. Atasema aliyetumwa. Evangelist Maweu siku hizi ako na kanisa Kajiado. Kesho naenda kumleta, ashike simu amwambie mama alichoonyeshwa. Akishamaliza, nani tena ataniomba shati?"

Kesho yake alikwenda na Dinah. Dinah alikuwa Mmaasai, jirani yake kwa miaka saba, mtu wa kuuza maziwa asubuhi na kunyamaza mchana. Usiku ule wa tenti alikuwepo, amesimama bega kwa bega na Adero. Alipoambiwa safari ni ya nini, alifunga na kufungua kitambaa chake mara mbili, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema," Adero alimwambia.

"Twende tu, Mama Sheryl."

Kanisa la Maweu lilikuwa la mabati, ng'ambo ya reli, na watu wake walikuwa wachache kuliko viti. Adero alishangaa kumwona Maweu amekuwa na mvi, suti ileile ya kahawia ya siku za tenti imepauka mabegani. Alihubiri kwa Kiswahili. Kando yake alisimama kijana mrefu aitwaye Sironka, akitafsiri kila sentensi kwa Kimaa kwa ajili ya wazee waliotoka manyattani. Adero alikaa mbele kabisa. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha buluu ili atambulikane.

Mahubiri yalipofika katikati, nyanya mmoja kwenye safu ya pili alianza kulia kwa sauti nyembamba. Dinah alimwinamia Adero, akanong'ona kwamba anamfahamu, anatoka upande wa kina kaka yake, na mzee wake amezikwa wiki mbili tu zilizopita.

Maweu alikatiza mahubiri. Akanyoosha kidole.

"Mama mwenye shuka nyekundu! Mngoje Bwana. Yuko njiani, hatachelewa!"

Sironka akatafsiri. Waliokuwepo wakasema amina.

Adero aligeuka. Alitazama yule nyanya, akamtazama Maweu, akamtazama Dinah.

"Anamwambia nini huyo? Si umesema mzee wake amezikwa?"

"Amezikwa."

"Sasa yuko njiani kutoka wapi?"

Dinah alimshika mkono. "Mama Sheryl, umesikia Sironka? Amesema *Olaitoriani*. Hiyo ni Mungu. Bwana Mungu. Mume wa mtu kwetu ni *olpayian*. Hayo ni maneno mawili, hayakaribiani."

Na kwa Kijaluo ni vilevile. Bwana Mungu ni *Ruoth*, na mume ni *jaoda*, mwenye nyumba yangu, na huwezi kuyachanganya hata ukiwa umelewa. Kwa Kikamba sijui, lakini nadhani Wakamba nao wamejipanga. Mle ndani ya mabati hakukuwa na mtu hata mmoja aliyezaliwa na Kiswahili nyumbani kwao. Kila mtu alikiazima kazini au sokoni, na Adero alikuwa ameishi miaka minne juu ya neno moja la kuazima.

Hakulia. Alikaa wima mpaka sala ya mwisho, kama mtu aliyepigwa picha.

Watu walipotoka, Maweu alikuwa akipanga viti yeye mwenyewe. Adero alimwendea.

"Evangelist, unanikumbuka?"

"Bwana asifiwe, mama! Karibu sana."

"Nimeuliza kama unanikumbuka."

Maweu alimtazama. "Uso naujua," alisema, kwa namna ya mtu asiyeujua.

"Mwaka wa elfu mbili, Kitengela, kwa tenti. Ukaninyooshea kidole. Ukasema nimngoje bwana, yuko njiani."

"Amina!"

"Usiseme amina. Yuko wapi?"

Kiti kilibaki mkononi mwa Maweu. Dinah alimweleza kwa maneno machache: lori, Sudan, barua ya pole, miaka minne. Maweu alikiweka kiti chini pole pole, akakikalia.

"Ulikuwa na mume amepotea," alisema.

"Kwani wewe hukuonyeshwa?"

"Mama, mimi niliona mtu analia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Ni hiyo tu. Nikiona mtu analia namwambia amngoje Bwana. Ni neno zuri, na ni kweli."

"Kweli kwa nani? Shemeji yangu ni mwalimu mzima, analala simba! Mama mkwe wangu amepoteza mtoto, na mimi, mimi Adero, nimemnyima ruhusa ya kulia! Kila akitaka kulia namtajia wewe!" Sauti yake ilikuwa imepanda, na nyanya wa shuka nyekundu alisimama mlangoni akitazama. "Ungesema Mungu! Si ungesema tu Mungu!"

Maweu hakujitetea, na kwa hilo tumpe haki yake. Alikaa akitazama viatu vyake.

"Bibi yangu ni mgonjwa, amelala mgongo mwaka wa saba huu," alisema. "Kila asubuhi namwambia hayo hayo niliyokwambia."

"Na Mungu amekujibu nini?"

"Bado."

"Na hujachoka?"

"Nachoka, mama. Jioni nachoka kabisa. Asubuhi naanza tena." Aliinua macho. "Pole. Sina kitu kingine cha kukwambia. Naweza kuomba na wewe?"

"Hapana," Adero alisema. "Leo usiniambie neno lingine."

Njiani kurudi walipita Isinya. Adero alikuwa akitazama nje, mbuzi na vumbi na nguzo za stima.

"Ulijua?" aliuliza bila kugeuka.

"Usiku ule nilijua amesema Mungu," Dinah alisema. "Sikujua wewe umesikia Nashon. Nilikuja kujua baadaye, ulipokataa kuhama. Na baadaye ulikuwa umefurahi sana. Nilingoja siku nzuri ya kukwambia. Haikukuja."

"Umenifanya mjinga, Mama Koinet."

"Ndiyo. Nisamehe."

Mtu akisikia vibaya hivyo hata rafiki anakuwa mzigo. Walipofika Kitengela alishuka bila kuaga, akapita nyuma ya bucha, akaingia nyumbani. Odero na Sheryl walikuwa wamekaa nje kwenye kivuli. Waliona amerudi peke yake, hana mhubiri, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Alifunga mlango.

Alipiga magoti kando ya kitanda kwa mazoea. Kila siku kwa miaka minne alikuwa akianza namna moja: Bwana, kama ulivyoniahidi. Sasa sala ilianza ikakosa pa kukanyaga. Hakuna kilichoahidiwa. Alikuwa amemwamini Mungu kwa ajili ya ile ahadi, na ahadi ilipokwenda hakujua kama Mungu mwenyewe amebaki au ameondoka nayo. Alisikia wateja kule bucha wakibishana juu ya mifupa. Alisikia redio ya jirani.

"Mungu," alisema kwa Kijaluo, "ni mimi Adero. Kumbe hukuniambia kitu."

Alinyamaza asikie. Hakukuwa na jibu. Lakini hakusimama. Alikaa pale magotini muda mrefu, hana cha kuomba, hana cha kudai, na hilo lilimtisha, maana hakuwa amewahi kukaa na Mungu mikono mitupu namna hiyo. Nashon alikufa kwake saa ile, Jumapili, saa tisa na nusu. Alikufa miaka minne nyuma ya watu wengine.

Aliposimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alitoa sanduku chini ya kitanda, akachagua shati la michirizi ya kijani, lile la kwendea kazini, akalipiga pasi ya makaa, kola na mikono yote, akalikunja vizuri.

Saa kumi na moja alitoka akampa Odero. Odero alilipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema ahsante, akaona si mahali pake.

"Nipigie mama," Adero alisema.

Odero alitoa simu yake ya mkono, akabonyeza, akangoja, akaongea na Ondiek mwenye duka, kisha akamkabidhi. Simu ilikwaruza. Kwa mbali palisikika kuku, na mtu akimwambia mama yake Nashon, shika hivi, Min Nashon, weka sikioni.

Waliongea Kijaluo. Mimi nawapa kwa Kiswahili, ingawa kwa yaliyotokea ningefanya vizuri kuogopa.

"Nyathina," mama mkwe alisema. Mtoto wangu. Alikuwa na desturi ya kumwita hivyo tangu siku ya kwanza.

"Mama. Umeletwa saa ngapi?"

"Tangu saa sita nimekaa hapa. Nani ajuaye simu inaweza kulia mapema."

Adero alikuwa amejipangia maneno. Yote yalitoka kichwani. Sheryl alikuwa amesimama karibu sana, bega lake likigusa la mama yake.

"Mama, nilikosea. Nilisikia vibaya. Yule mhubiri hakusema Nashon anarudi. Alisema habari za Mungu tu." Alimshika Sheryl mkono. "Nashon amekufa, mama. Nimempa Odero shati. Zikeni. Na wewe sasa lia. Mimi ndiye nilikukataza, na sasa mimi ndiye nakwambia. Lia, mama."

Mama mkwe alihamishia simu sikio la pili.

"Mimi nilishalia, nyathina."

"Lini?"

"Siku ile Odero alipoleta habari ya lori. Na kesho yake. Sikuacha. Ulipokuwa unapiga simu nilikuwa nafuta uso kwanza, ndiyo napokea."

"Ulijua?"

"Mtoto wa tumbo langu. Nisijue vipi?"

"Na mbona ukasema unangoja?" Sauti ya Adero ilikuwa imeanza kukatika. "Miaka minne, mama! Odero simba, wazee wakikugombeza. Mbona ukasema nikingoja na wewe unangoja?"

"Sasa ningekuacha ungoje peke yako?" mama mkwe aliuliza, kama mtu anayeshangaa swali lenyewe.

Hapo ndipo Adero alipolia. Alilia kwa sauti, pale nyuma ya bucha mchana kweupe, jinsi wanawake wa kwao wanavyomlilia mume. Wateja walitoka na nyama zao wakatazama, na Dinah akaja mbio kutoka kwake akasimama kando, hajui kama amesamehewa. Sheryl alimkumbatia mama yake kiunoni. Ililia ile sauti mpaka ikapwaya, ikapumzika, ikaanza tena.

Odero alijua bei ya dakika moja ya simu. Baada ya muda alinyoosha mkono kuichukua, akidhani imekatika kitambo. Adero alitikisa kichwa, akaibana zaidi sikioni. Haikuwa imekatika. Min Nashon alikuwa bado yupo kule dukani, anapumua, hasemi kitu, anamngoja amalize.